Kagome, kisima na ile miaka mitatu: kisa cha mwisho wa InuYasha

Watu wakianza kubishana kuhusu mwisho wa InuYasha, ile manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Rumiko Takahashi, ujue siku hiyo hakulaliki. Kuna wanaosema Kagome kafanya la maana, kamfuata anayempenda, wako pamoja, stori imeisha, mnataka nini tena. Halafu kuna wa upande wa pili, na naona wanazidi kuongezeka kadiri watu wanavyokua na kuzaa, hao wanasema binti wa miaka 18, ndo kwanza katoka kumaliza shule, anamwacha mama, babu na mdogo wake, anaacha umeme, maji ya bomba na hospitali, anaingia kisimani kwenda kuishi miaka 500 nyuma enzi za vita, kisa mwanaume mwenye masikio ya mbwa. Ukiwasikiliza kwa utulivu hawa wa pili nao wana pointi aisee.

Mimi leo nachambua hiyo ishu moja tu, kisima kinavyofungwa, miaka mitatu inavyopita na kinavyofunguka. Manga nzima siiwezi, ni volyumu 56 na chapta 558, tutakesha. Na nitamwaga kila kitu, kwahiyo kama hujasoma na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa.

Hoja yangu naitoa mapema ili tusizungushane. Kwenye hii stori karibu kila mtu mzito anateseka kwa sababu yuko katikati na anataka kutoka, Kagome ndo mtu pekee ambaye katikati pamemkaa vizuri kabisa, na yeye ndo mwandishi akaamua kumnyang'anya. Hapo ndo penye kisa.

Kwa ambao ni muda mrefu wameisoma: Rumiko Takahashi alianza kuichora Novemba 1996 kwenye Weekly Shonen Sunday, jarida la Shogakukan la vijana wa kiume, akamaliza Juni 2008. Ndiyo, jarida la wavulana, mapanga na damu kila wiki, na ndani yake mama wa watu kaficha mapenzi ya pole pole ya miaka karibu 12. Kagome Higurashi anatimiza miaka 15, familia yake inaishi kwenye hekalu la Kishinto la ukoo wao huko Tokyo, siku hiyo anaingia kwenye kibanda cha kisima cha zamani kumtafuta paka na hapo yokai (zimwi la Kijapani) mwenye mwili wa tandu anamkamata na kumvuta ndani. Anatokea upande wa pili enzi za Sengoku, ndo zile enzi za vita miaka 500 nyuma. Anakuta mvulana, Inuyasha mwenyewe, kalala kwenye mti mkubwa, mshale umemshikilia pale miaka 50, na mti wenyewe ni ule ule ambao yeye anauona kila siku uwanjani kwao. Anamfungua. Ndani ya mwili wa Kagome kumbe kulikuwa na kito cha Shikon, kinachotimiza matakwa, mazimwi yote yanakitaka, na yeye mwenyewe kwa mshale wake anakipasua vipande vipande vinavyosambaa nchi nzima. Basi kazi imeanza hapo, kuvikusanya.

Sasa angalia kisima kinavyofanya kazi, maana watu wanapita haraka hapa. Kisima kile ni daladala. Kagome anashuka, anapanda, anashuka tena. Anaenda Sengoku na begi lake kubwa limejaa tambi za kikombe, bandeji, dawa na vitabu vya hesabu, kuna wakati ana baiskeli kabisa. Anapigana na zimwi Jumanne, Alhamisi yuko darasani anasinzia. Na muda unaenda sawa pande zote mbili, siku tatu huku ni siku tatu kule.

Hiki kitu cha muda kwenda sawa ukikiweka karibu na hadithi za kale za Wajapani unaona Takahashi kafanya makusudi. Wana stori ya Urashima, mvuvi aliyechukuliwa na kobe kwenda jumba la chini ya bahari, kakaa kidogo tu, anarudi kwao anakuta wote aliowajua wamekufa zamani, akifungua kasha alilopewa anazeeka palepale. Na wana stori ya Kaguya, mtoto aliyeokotwa ndani ya mwanzi na mzee mkata mianzi, akakua kuwa mrembo wa kutisha, mwisho watu wa mwezini wanakuja kumchukua, wanamvisha vazi linalomfanya asahau kila kitu, wazee waliomlea wanabaki wanalia. Yaani kwao kwenda ulimwengu wa pili siku zote kuna faini, ama unapoteza muda wako ama unapoteza kumbukumbu. Kagome kwa volyumu hamsini na kitu hakulipa hata senti. Alipoteza vipindi vya darasani tu.

Na hata hivyo vipindi vimegeuzwa kichekesho. Babu yake ndo anapiga simu shule kutoa udhuru, na babu hana akili ya kudanganya kwahiyo anamtwisha mjukuu wa miaka 15 magonjwa ya wazee, leo hili kesho lile, mpaka darasani wanamwona Kagome kama mgonjwa wa kudumu. Kuna kijana Hojo anampenda kimya kimya, kila akisikia ugonjwa mpya analeta zawadi ya afya. Marafiki zake watatu, Eri, Yuka na Ayumi, wanajua tu kwamba ana jamaa mmoja mkorofi mwenye wivu, wanamshauri amwache. Inuyasha naye akiona Kagome kachelewa anapita kisimani kumfuata mpaka chumbani, wakitoka nje wanamvisha kofia kufunika masikio. Mama yake anamkaribisha chakula kama mkwe wa kawaida. Anamshika shika na yale masikio.

Kwahiyo mtu akiniambia Kagome alikuwa anavutwa huku na huku na dunia mbili namuuliza, wapi? Kilio chake kikubwa upande wa kwao kilikuwa mtihani wa kuingia sekondari ya juu, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini na hesabu hazipandi. Anachukia kukosa mtihani na anachukia kuwaacha wenzie vitani, lakini vyote anavifanya. Amechoka, sawa, ila hajachanika.

Kilichomchana ni Kikyo.

Kikyo ndo kuhani aliyempiga Inuyasha mshale miaka 50 iliyopita, walikuwa wanapendana, Naraku, adui mkuu wa stori, akawachonganisha kwa kujigeuza sura ya kila mmoja mbele ya mwenzie, Kikyo akafa akiamini kasalitiwa. Kagome ni Kikyo aliyezaliwa upya, halafu mchawi anamfufua Kikyo kwa udongo na mifupa, sasa wapo wote wawili wanatembea. Kwenye volyumu ya 18 Kagome anawakuta Inuyasha na Kikyo pamoja, anarudi kwao, na safari hii harudi sababu ya mtihani. Anakaa nyumbani, anakwenda kwenye ule mti, anajipekua moyo. Anakiri kwamba anamwonea wivu Kikyo, anajua kabisa Inuyasha hawezi kumwacha yule mwanamke aliyekufa sababu yake, hawezi na hatakiwi. Na pamoja na yote hayo bado anataka kumwona. Anarudi, jamaa yuko pale ana maneno mazito anataka kusema, Kagome anamwahi, anasema ameelewa, anamuuliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kuwa naye karibu. Basi. Hamwambii chagua.

Wengi wanaiita ile sini udhaifu, demu kajishusha. Mimi naiona ndo msingi wa kila kinachokuja baadaye, maana pale Kagome anaonyesha yeye ni mtu wa aina gani, ni mtu anayeweza kuishi na jambo ambalo halijaisha. Na wenzake wote hawawezi hilo.

Twende kwa Inuyasha mwenyewe. Ni hanyo, baba yokai mkubwa, mama binadamu. Yokai wanamdharau, binadamu wanamkimbia, utotoni mama akafa akabaki peke yake. Anachokitaka mwanzoni kwenye kito ni kimoja, awe yokai kamili amalizane na nusu nusu. Kikyo alipompenda mpango wao ulikuwa atumie kito awe binadamu kamili. Ukiangalia vizuri hata penzi la Kikyo lilikuwa na sharti, vuka uje upande huu. Na Kikyo hakuwa mbaya, yeye mwenyewe alikuwa kanasa, kuhani hatakiwi kuwa mwanamke wa kawaida, kito kikiisha naye angepumzika. Naraku je? Naraku naye ni hanyo! Kazaliwa kutoka kwa jambazi Onigumo, kaungua hajiwezi, kaupa mwili wake mazimwi kwa tamaa ya Kikyo, na Naraku maisha yake yote anahangaika kuufukuza ule moyo wa binadamu utoke ndani yake. Yaani adui na steringi wana ugonjwa mmoja, wote wanataka kuacha kuwa nusu.

Anatokea huyu binti wa shule anamwambia Inuyasha anampenda hivyo hivyo alivyo, hanyo, abaki hivyo. Kwanini inamtoka kirahisi? Kwasababu yeye mwenyewe anaishi nusu na anaona poa tu. Nusu mwanafunzi, nusu kuhani, kiatu cha shule kwenye matope ya Sengoku, hadi sare ya shule anapigania nayo. Kwake katikati sio jela.

Sasa tuje kwenye mwisho wenyewe. Naraku anakufa kwenye volyumu ya 56 na kumbe kuna matakwa yake ya mwisho yamebaki ndani ya kito. Mara anapokwisha, giza linafunguka nyuma ya Kagome na kummeza, na kisima nacho kinatoweka. Upande wa kwao familia inaona mahali pa kisima hapana kisima. Kagome anajikuta kwenye maisha ya kawaida, yuko na marafiki, sekondari mpya, kana kwamba hajawahi kuanguka popote, ila kuna kitu hakipo na hakijui ni nini. Anapogundua kwamba ile sio kweli giza linarudi, na sauti inaanza kumbembeleza: tamka tu, sema unataka kwenda nyumbani, utaenda.

Hapa inabidi ujue kito kimetoka wapi ndo utishike. Kilizaliwa kutoka kwa kuhani wa zamani, Midoriko, aliyepigana na mazimwi mpaka roho zao zikagandana, na ndani yake bado wanapigana, hawajaisha mpaka leo. Kito kinahitaji damu mpya ili ile vita iendelee. Kinataka Kagome achukue nafasi ya Midoriko na Naraku awe zimwi lake, milele. Mtego ni huo, na chambo walichoweka ni nyumbani. Hawakumtegea utajiri wala nguvu, wamemtegea mama yake. Wamechukua kile kitu ambacho yeye hakuwahi kukiona kama tatizo, kuwa na kwao pande mbili, wakakigeuza kuwa swali lenye jibu moja.

Inuyasha kakata njia kwa panga lake yuko ndani ya giza hilo hilo anamtafuta, mazimwi yanamwambia kwamba Kagome alizaliwa kwa ajili ya kito, ndo kazi yake duniani. Jibu lake ni kwamba Kagome kazaliwa ili akutane na yeye, na yeye kazaliwa kwa ajili ya Kagome. Wengine wanaona hiyo ni sukari nyingi, sawa, lakini kwa mtu aliyeanza stori anataka kutokomeza nusu ya mwili wake, kusema kazaliwa kwa sababu fulani ni safari ndefu. Anamwambia Kagome asitake chochote mpaka afike. Na Kagome anakaa kwenye giza, peke yake, anaogopa kweli, anashikilia mdomo. Volyumu 56 za mapigano na ushindi mkubwa wa mwisho ni msichana kukataa kutamka neno. Inuyasha anafika, ndo Kagome anasema takwa lake, kito kipotee, kisiwepo tena kabisa. Hakuomba nyumbani na hakuomba mpenzi. Kwa mara ya kwanza kuna mtu kaulizwa na kile kito unataka nini akajibu nataka wewe uondoke.

Wanatoka wote wawili kwenye kisima, Tokyo, mama yupo, babu yupo, mdogo wake Sota yupo, wanamkumbatia mtoto wao. Kagome anageuka amwonyeshe Inuyasha furaha yake na Inuyasha anavutwa anaondoka. Kisima kimejifunga.

Na hapa ndo nasema Takahashi alikuwa hana njia nyingine. Fikiria kisima kingebaki wazi. Kagome angeolewa Sengoku, wikiendi anakuja kwa mama kufua nguo. Tamu, ila hapo hujui kama huyu binti anampenda Inuyasha au anapenda safari. Mapenzi yake yote yalikuwa yamekua ndani ya dharura, kila wiki kuna zimwi, kila wiki kuna kipande cha kutafuta, na kila penzi la vitani linabaki na hilo swali, vita ikiisha je? Kito kilitaka kumlazimisha achague akiwa gizani, na hofu, hana muda. Mwandishi kamrudisha akachagulie mchana, ana miaka mitatu, ana marafiki, ana chakula cha mama. Anaenda sekondari ya juu, anasoma, anamaliza. Hakuna anayemkimbiza.

Kwenye karatasi ile miaka mitatu ni kurasa chache mno na hili ndo lalamiko langu la kwanza. Tunapewa maneno machache ya Kagome, kwamba tangu siku ile kisima hakijapitika, kwamba ameendelea na maisha. Nilitaka kuona siku moja mbaya ya katikati, hata mvua inanyesha na yeye yuko kwenye ngazi za kile kibanda anaangalia chini. Upande wa pili tunajua Inuyasha alikuwa anarudi rudi kisimani, kanyamaza, wenzie wanamwacha hivyo hivyo. Mwandishi aliyeweza kutumia chapta nzima nzima kwa zimwi moja la msituni alishindwa nini kutupa chapta mbili za huyu binti akiwa na miaka 16?

Ila sini ya kufunguka yenyewe, hapana, hapo simgusi. Kagome kamaliza shule, anaingia kwenye kibanda, anainama pale ukingoni na ndani yake anakubali kitu kimoja tu, anataka kumwona Inuyasha. Na kule chini panaonekana mbingu. Mama yake kaingia nyuma yake, kamwita jina. Kagome anageuka, anamwita mama, anaanza sentensi haimalizi. Mama anaona sura ya mwanae na kashaelewa. Hakuna hotuba. Anamkumbatia, anamwachia.

Nimeirudia hiyo kurasa mara nyingi na kila nikirudia macho yanaenda kwa mama kuliko kwa binti. Huyu mwanamke manga nzima haimpi hata jina, sisi tungemwita Mama Kagome na ndo hivyo hivyo tunavyomjua. Mume hayupo kwenye stori. Kwa miaka mitatu amekuwa na mtoto wake nyumbani kila siku na naamini kabisa alikuwa anamwona anavyokiangalia kile kibanda, mzazi hafichwi. Angeweza kukifukia, kisima ni chake, kipo kwenye uwanja wake. Hakufukia. Kwenye hadithi ya Kaguya wazee wanalia kwa sababu binti anachukuliwa, hapa mzazi anafungua mkono mwenyewe, na mimi naona hiyo ni ngumu mara mia.

Halafu Kagome anaingia, mkono unatokea juu kumvuta, ni Inuyasha, anamuuliza alikuwa anafanya nini muda wote huo. Wamezeeka kidogo, wote wawili hawajui waseme nini. Miroku na Sango, wenzao wa safari, wameshaoana, wana mapacha wa kike na kichanga cha kiume, Shippo, yule mtoto wa mbweha, anafanya mitihani yake ya uchawi, Kohaku mdogo wake Sango kaenda kuwinda mazimwi. Kagome anavaa nguo za kuhani na kuanza kujifunza dawa za miti shamba kwa bibi Kaede, kuhani wa kijiji. Anaposema ya kwamba kesho wataendelea kuishi ndo stori inakwisha.

Kwenye chapta hiyo hiyo kuna kitu kidogo watu wanakiruka. Rin, yule mtoto yatima aliyekuwa anazunguka na Sesshomaru, kaka wa Inuyasha kwa baba, sasa anakaa kijijini kwa Kaede. Sesshomaru kamwacha pale na anakuja kumtembelea na zawadi. Kaede anaeleza kwamba ni mazoezi ya kuishi na binadamu, ili akikua aweze kuchagua mwenyewe, abaki na watu au amfuate Sesshomaru. Sasa soma hiyo halafu soma ya Kagome. Ni jambo moja limesemwa mara mbili! Huwezi kusema mtoto kachagua dunia ya pili kama dunia ya kwanza hajaishi. Rin kawekwa miaka kadhaa kwa binadamu, Kagome kawekwa miaka mitatu Tokyo. Kwangu mimi hiyo ndo funguo ya mwisho wote, na imewekwa kwenye mdomo wa bibi kizee anayeongelea mtoto mwingine.

Tuwajibu basi wale wa upande wa pili. Elimu: kamaliza, hakuacha njiani, Takahashi kahakikisha. Dawa na usalama: hapa wako sahihi mia kwa mia, Sengoku mwanamke akijifungua vibaya anakufa, na manga haina jibu, inapita tu kama haijaona. Umri: 18, mdogo, ila anachokifuata amekijua tangu ana 15 na amekaa nacho mbali miaka mitatu bila kukigusa. Familia: hilo halina jibu na halitakiwi kuwa nalo. Ukichagua kweli kuna mtu analipa. Kosa la manga sio kwamba Kagome alichagua, kosa ni kwamba bili imepelekwa kwa mama na hatukuonyeshwa akiilipa. Babu na Sota nao, hata kuagwa hawakuagwa mbele ya macho yetu.

Wengine wanasema Takahashi alipaka rangi mwisho wa haraka sababu amechoka. Sikubali, na ushahidi ni kazi zake nyingine. Urusei Yatsura ilipoisha 1987 kijana ambaye ndo mhusika mkuu bado anagoma kusema nakupenda. Ranma iliisha 1996, harusi imevurugika, mambo yako kama yalivyoanza. Huyu mama ni bingwa wa kuacha wapenzi katikati, na inafanya kazi kwa sababu zile ni vichekesho, katikati ndo raha yenyewe. Maison Ikkoku ndo aliifunga kabisa kwa ndoa na mtoto, na ile ni stori ya mjane, inahusu mtu aliyekufa ambaye bado yupo moyoni, kama Kikyo vile. Kwahiyo akiamua kufunga mlango ujue kaamua. InuYasha angeweza kabisa kuiacha wazi tukaendelea kununua volyumu.

Anime, yaani katuni ya TV ya stori hii, nayo ilikuwa na mkasa wake. Ile ya kwanza ya studio ya Sunrise ilianza Oktoba 2000 ikakata Septemba 2004 baada ya episodi 167 na Naraku bado mzima, watu wakakaa miaka mitano hewani mpaka Oktoba 2009 wakaletewa episodi 26 za kumalizia. Waliongoja hivyo naona ndo wanaielewa zaidi ile miaka mitatu.

Kuhusu Yashahime, ile anime inayohusu watoto wa hawa wahusika, iliyoanza 2020, mimi siihesabu kwenye huu uchambuzi kwa sababu sio manga ya Takahashi yenyewe japo alichora sura za wahusika. Ila wapenda bili kulipwa kuna kitu mtakipenda: Towa, binti wa Sesshomaru, anaangukia Tokyo ya sasa akiwa mdogo na anayemlea ni Sota, yule mdogo wake Kagome, sasa mtu mzima ana familia. Angalau kuna aliyerudi upande ule.

Kama huna muda wa volyumu zote 56 na unataka kuangalia hii ishu tu, soma volyumu ya 1, ruka mpaka ya 18 usome sehemu ya Kagome kurudi kwao na kule kwenye mti, halafu nenda moja kwa moja ya 56. Utakosa mapigano mengi mazuri na kifo cha Kikyo, ambacho kinastahili uchambuzi wake peke yake, lakini njia ya huyu binti utaiona yote. Na ukifika kwenye kurasa ya mama kibandani usiifunue haraka.